Jina la Mahali na Uhai wa Utafiti: Faharasa na Hifadhi ya Kidijitali ya Maandishi ya Tiba Kuhusu Nyanda za Juu za Kigoma

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna maandishi ya utafiti wa tiba yaliyo wazi kwa wasomaji wote yanavyowekewa faharasa na kuhifadhiwa kwa muda mrefu katika kompyuta. Mfano unaotumika ni wa nyanda za juu za Kigoma, yaani Kibondo, Kasulu na Gwarama, eneo ambalo limeandikwa na watafiti kwa sababu ya malale na vifo vya uzazi. Inadaiwa hapa kwamba faharasa na hifadhi ni kazi moja, na kwamba kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote katika kazi hiyo ni jina: jina la mahali, jina la watu na jina la ugonjwa. Maadamu jina ni suala la lugha, wataalamu wa Kiswahili nao wana fungu lao katika kazi ambayo hadi sasa imeachiwa wakutubi na mafundi wa kompyuta.

1.0 Utangulizi

Na ichukuliwe kwamba tabibu aliyepangiwa kazi Gwarama anataka kujua ni mambo gani yamekwisha kuandikwa kuhusu malale katika kata hiyo na jirani zake. Sababu anayo. Wagonjwa wa malale wanaoripotiwa Tanzania wamekuwa wachache mno katika miaka ya karibuni, na tabibu kijana anaweza kumaliza masomo yake bila kumwona hata mmoja. Lakini msitu wa Moyowosi hauko mbali, na mbung'o hawajahama. Ugonjwa unapokuwa adimu, kumbukumbu yake hutoka katika macho ya waganga ikabaki katika maandishi. Ikiwa maandishi hayo hayapatikani, tabibu huyo ni sawa na mtu wa kwanza kuuona ugonjwa huo duniani.

Akiandika "Gwarama" katika hazina ya marejeo ya tiba, atapata machache au asipate kitu. Akiandika "Kakonko", atapata yaliyoandikwa baada ya mwaka 2012, kwa kuwa kabla ya hapo hapakuwa na wilaya ya jina hilo. Gwarama ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo. Akiandika "Kibondo" atasogea nyuma miongo kadhaa. Maandishi ya zamani zaidi yatamtaka aandike "Buha", au "Uha", na mengine hayakutaja lolote kati ya majina hayo bali "magharibi ya Tanganyika" tu. Maandishi yapo. Kinachokosekana ni njia ya kutoka kwenye jina alijualo tabibu kufikia jina lililotumiwa na mwandishi.

Suala hili halijitokezi Kigoma peke yake, lakini hapo linaonekana kwa uwazi zaidi, kwa kuwa eneo hilo limebadilishiwa watawala, mipaka na tahajia mara nyingi katika kipindi kifupi.

2.0 Faharasa ya tiba na asili yake

Faharasa ya kimataifa ya maandishi ya tiba ilianzishwa mwaka 1879, pale John Shaw Billings alipotoa toleo la kwanza la Index Medicus. Kazi yake ilikuwa kuorodhesha, chini ya vichwa vya mada, makala yaliyotoka katika majarida ya tiba ya nchi mbalimbali. Mwaka 1960 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa orodha rasmi ya vichwa hivyo, ijulikanayo kwa kifupi kama MeSH. Mwaka 1971 faharasa hiyo ilianza kutafutwa kwa kompyuta kupitia MEDLINE, na mwaka 1997 ikafunguliwa kwa umma bila malipo katika PubMed. Toleo la karatasi la Index Medicus lilikoma mwaka 2004.

Tangu mwanzo faharasa hii ilichagua. Jarida liliingizwa baada ya kupimwa, na majarida mengi ya Afrika hayakuingia. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, kwa kushirikiana na Chama cha Habari za Afya na Maktaba Afrika (AHILA), lilianzisha African Index Medicus mwaka 1993, ili kuorodhesha yale yaliyoandikwa Afrika na kuhusu Afrika. Miaka mitano baadaye, mwaka 1998, ikaja African Journals Online, hazina ya majarida ya Afrika ambayo tangu 2005 makao yake yapo Afrika ya Kusini. Majarida ya Tanzania yamo humo kwa wingi.

Ni vema hapa kutofautisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kuwa wazi ni haki ya kusoma bila kulipa, kama ilivyofafanuliwa katika Azimio la Budapest la mwaka 2002. Kuwekewa faharasa ni kuweza kupatikana. Makala yanaweza kuwa wazi kabisa na yasionekane na mtu yeyote, kama nyumba isiyo na kufuli iliyojengwa pasipo njia.

3.0 Jina la mahali katika faharasa

Orodha ya MeSH ina tawi la majina ya mahali. Katika tawi hilo Tanzania imo, lakini haigawanyiki kuwa mikoa wala wilaya. Marekani, kwa upande wake, imegawanywa jimbo kwa jimbo, na iko miji yenye vichwa vyake yenyewe, kama Chicago, London, Paris na Tokyo. Kigoma haina. Mwenye kuweka faharasa anaposoma makala kuhusu Kibondo, hata awe makini kiasi gani, orodha inamruhusu kuandika "Tanzania" tu. Hivyo utafiti wa Kibondo unawekwa kapu moja na wa Mtwara na wa Moshi.

Kwa hiyo jina dogo la mahali huokolewa na jambo moja tu: liwe limeandikwa na mtafiti mwenyewe katika kichwa cha makala au katika ikisiri. Mfano mzuri ni makala ya Godfrey Mbaruku na Staffan Bergström yaliyochapishwa mwaka 1995 katika jarida la Health Policy and Planning, kuhusu kupunguza vifo vya uzazi katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma. Kati ya 1984 na 1991, kwa hatua ambazo nyingi zilitegemea rasilimali zilizokuwapo pale pale, vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Neno "Kigoma" limo katika kichwa cha makala hayo. Kwa sababu hiyo mkunga aliye Kasulu hupata habari za hospitali ya mkoa wake kwa kuandika neno moja. Laiti waandishi wangaliandika "mkoa mmoja wa magharibi ya Tanzania", kama ilivyo desturi ya waandishi wengi wanaohofu kwamba msomaji wa Ulaya hatajua Kigoma iko wapi, makala hayo yangalizama. Desturi hiyo inastahili kulaumiwa. Inamhudumia msomaji wa mbali kwa kumnyima yule aliye karibu.

Ikisiri nayo ina historia yake. Katika MEDLINE ikisiri zilianza kuingizwa mwaka 1975. Marejeo ya kabla ya hapo yana kichwa cha makala tu, na marejeo yenyewe hayarudi nyuma zaidi ya mwaka 1946. Maana yake ni kwamba kipindi ambacho malale yaliandikwa zaidi katika Buha, yaani miaka ya 1920 na 1930, kimebaki nje ya mlango. Ugonjwa wa malale wa aina kali ulitambuliwa Maswa mwaka 1922, ukaenea kuelekea magharibi, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wengi, wakiwamo Waha, na kuwakusanya katika makazi ya pamoja yaliyofyekwa ili kuwaepusha na mbung'o. Habari za hatua hizo zimo katika taarifa za idara na majarida ya wakati ule. Kwa kuwa Kigoma na sehemu ya Buha zilikuwa mikononi mwa Wajerumani hadi 1916, kisha Wabelgiji hadi 1921, na baadaye Waingereza, msomaji anayefuatilia afya ya eneo hilo hulazimika kufuata lugha tatu na nyaraka za nchi tatu.

3.1 Viambishi vya ngeli na mpangilio wa alfabeti

Hapa panajitokeza tatizo ambalo ni la kiisimu hasa. Faharasa hupanga maneno kwa herufi ya kwanza. Mpangilio huo unazifaa lugha ambazo mzizi wa neno huja mbele na viambishi vyake vingi hufuata nyuma. Katika lugha za Kibantu kinyume chake ndicho kilicho kweli: mzizi hukaa nyuma ya kiambishi cha ngeli. Watu wa Kibondo na Kasulu katika Kiswahili ni Waha, katika lugha yao wenyewe ni Abaha. Nchi yao ni Uha au Buha. Lugha yao ni Kiha au Igiha. Mzizi ni mmoja, lakini katika faharasa umetawanywa chini ya herufi A, B, I, K, U na W. Mkutubi asiyejua sarufi ya Kibantu hana sababu ya kushuku kwamba maneno hayo sita ni ndugu.

Kompyuta haikuondoa tatizo hili; imeligeuza sura tu. Mtafutaji katika PubMed anaweza kuandika mwanzo wa neno na kuweka kinyota mwishoni, naye ataletewa maneno yote yanayoanza hivyo. Kinyota hakiruhusiwi mwanzoni mwa neno. Kwa mzungumzaji wa Kiingereza hasara ni ndogo. Kwa anayetafuta kwa Kiswahili, ambaye "mgonjwa", "wagonjwa", "ugonjwa" na "magonjwa" kwake ni tawi la shina moja, chombo kimekatwa upande ule hasa anaouhitaji. Pamoja na hayo kuna kubadilishana kwa r na l katika tahajia za majina ya Kibantu yaliyoandikwa na wageni, kiasi kwamba anayetafuta Gwarama hana budi kujaribu pia Gwalama.

4.0 Jina la ugonjwa

Jina "malale" linajulikana na kila mtu Kibondo, na kitabu chochote cha afya cha Kiswahili kinalitumia. Katika orodha za faharasa kichwa rasmi hutokana na jina la kisayansi la kijidudu, yaani tripanosoma. Orodha ya MeSH ilifasiriwa na kupanuliwa huko São Paulo kwa ajili ya wasomaji wa Kihispania na Kireno, nao hutafuta kwa maneno yao na kufikishwa kwenye kichwa kile kile. Msomaji wa Kiswahili hujengewa daraja hilo na kichwa chake mwenyewe, kila mara upya.

Isidhaniwe kwamba istilahi hazipo. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi ya istilahi za tiba imeendelea tangu hapo. Kilichokosekana ni kuziunganisha istilahi hizo na namba za faharasa. Kila kichwa cha MeSH kina namba yake ya pekee isiyobadilika hata maneno yakibadilika. Jedwali lenye safu mbili, neno la Kiswahili na namba, lingetosha kuanzia. Kazi hiyo si ya gharama kubwa. Inahitaji uangalifu wa mwanaleksikografia.

Kwamba majina madogo ya mahali yana faida kwa tiba yenyewe kumethibitishwa na Atlasi ya Malale, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Shirika la Afya Duniani kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo. Atlasi hiyo hupanga kila mgonjwa aliyeripotiwa tangu mwaka 2000 kwa kijiji alikotoka, kadiri kijiji kinavyoweza kutambulika. Njia ilikuwa kuchukua majina ya vijiji kutoka katika daftari na taarifa, kisha kuyatafutia mahali pake katika ramani. Palipokuwa na tahajia mbili, au vijiji viwili vya jina moja, mtaalamu wa ramani alijikuta akifanya kazi ya mwanaisimu.

5.0 Hifadhi ya muda mrefu

Wengi hudhani kwamba makala yakishawekwa katika mtandao yamehifadhiwa. Sivyo. Kuweka ni tendo la siku moja, na kuhifadhi ni kazi isiyo na mwisho, inayohitaji mtu wa kuifanya na fedha ya kumlipa. Mwaka 2021 Laakso, Matthias na Jahn walionyesha kwamba kati ya 2000 na 2019 majarida 174 ya ufikiaji huria yalitoweka kabisa katika mtandao. Mwaka 2024 Martin Paul Eve alichunguza makala zaidi ya milioni 7 yenye namba ya utambulisho ya DOI, akakuta kwamba takriban asilimia 28 hayakuonekana katika hifadhi yoyote kati ya hifadhi kubwa zinazotambulika. DOI, ambayo majarida yalianza kuitumia kwa wingi kupitia Crossref tangu mwaka 2000, ni kama namba ya sanduku la posta: haimwambii mtu barua iko wapi ikiwa mwenye sanduku amehama na hakuna aliyemwarifu posta.

Msingi wa hifadhi ni wa zamani kuliko kompyuta, nao ni wingi wa nakala zilizotengana. Shirika la Utafiti wa Malale la Afrika Mashariki, EATRO, lilikuwa na makao Tororo, Uganda, na lilihudumia nchi zote tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na utafiti wa pamoja ukavunjika nao. Tanzania ikaanzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979, na kituo chake cha Tabora ndicho kilichobeba kazi ya malale. Taarifa za EATRO zilizokuwa zimekwisha kupelekwa katika maktaba za nchi nyingine hazikuguswa na mabadiliko hayo ya kisiasa. Chochote kilichobaki katika nakala moja, ndani ya kabati moja, kilitegemea bahati ya kabati hilo.

Kanuni hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa programu katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1999, kwa jina la LOCKSS. Maktaba kadhaa huweka kila moja nakala yake ya jarida katika kompyuta yake. Kompyuta hizo huulizana mara kwa mara kwa njia ya mtandao. Kila moja hukokotoa alama fupi ya hesabu kutokana na faili lake, na faili likiharibika hata herufi moja, alama yake hutofautiana na za wenzake; hapo nakala iliyoharibika hurekebishwa kwa mfano wa zile zilizo nzima. Majarida yanayoendeshwa kwa programu huria ya OJS, ambayo hutumiwa na majarida mengi ya Afrika, yanaweza kuingia katika hifadhi ya namna hii inayosimamiwa na waliotunga programu hiyo. Mhariri anachotakiwa kufanya ni kukubali masharti na kuwa na ISSN. Hapo ndipo kazi nyingi hukwama, kwa sababu katika vyuo vyetu mhariri ni mwalimu mwenye vipindi vyake, na hakuna aliyemwambia kwamba kuhifadhi ni wajibu wake.

Nakala nyingi pekee hazitoshi. Faili lazima lisomeke. Maandishi yaliyopigwa katika programu za miaka ya 1980 na kuwekwa katika disketi yanaweza kuwa mazima kabisa na bado yasifunguke. Ndiyo maana hifadhi hupendelea miundo iliyosanifiwa kimataifa, kama PDF/A iliyowekewa kiwango mwaka 2005. African Index Medicus inatoa funzo la kutia moyo katika jambo hili. Ilijengwa kwa CDS/ISIS, programu iliyotolewa na UNESCO na kupendwa na wakutubi wa Afrika kwa kuwa ilikuwa ya bure na iliendeshwa na kompyuta ndogo. Programu hiyo imepitwa na wakati, lakini ilitoa rekodi zake katika muundo wa kimataifa wa ISO 2709, na kwa hiyo rekodi ziliweza kuhamishwa. Waliochagua muundo huo waliwaokoa wasomaji ambao hawakuwa wamezaliwa.

Mabadiliko ya jina la jarida ni hatari nyingine, ingawa hayasikiki. Jarida la Taasisi ya Taifa lilikuwa Tanzania Health Research Bulletin hadi 2007, na tangu 2008 likawa Tanzania Journal of Health Research. Katika faharasa hayo ni majarida mawili. Anayepitia orodha ya makala chini ya jina jipya, bila kufuata kiungo kinachorudi kwenye lile la zamani, ataamini kwamba utafiti ulianza 2008. Jambo lile lile limeipata Gwarama ilipohamishiwa Kakonko. Kila jina jipya, liwe la jarida au la wilaya, huacha nyuma yake maandishi yatima, isipokuwa pawepo mtu wa kuandika katika rekodi: "hapo awali liliitwa hivi".

6.0 Jedwali la majina na mpaka wake

Kinachohitajika, basi, ni orodha ya majina ya mahali, watu na magonjwa ya eneo, yenye tahajia zote, lugha zote na vipindi vyote, ambayo kila hazina ya makala inaweza kuisoma. Kwa nyanda za juu za Kigoma orodha hiyo ingeonyesha kwamba Gwarama ilikuwa Kibondo hadi 2012 na ni Kakonko baadaye. Kwamba Buha na Uha ni nchi moja. Kwamba malale ni namba fulani katika MeSH. Wanafunzi wa uzamili wanaofanya utafiti wa Kiha wana sehemu kubwa ya maarifa hayo tayari, katika tasnifu zao, bila kujua kwamba yanahitajika hospitalini.

Hata hivyo kuna mpaka ambao haupasi kuvukwa kwa haraka. Ugonjwa unapokuwa na wagonjwa wachache, kutaja kijiji ni karibu sawa na kumtaja mtu. Katika kijiji ambacho mtu mmoja aliugua malale katika mwaka fulani, majirani wote wanamjua. Faharasa iliyo bora kabisa kwa tabibu inaweza kuwa ndiyo iliyo mbaya kabisa kwa mgonjwa. Katika karatasi suala hili lilijificha, kwa kuwa taarifa ililala maktabani na wachache waliifikia. Katika hifadhi iliyo wazi, yenye nakala nyingi zisizofutika, halijifichi tena. Njia mojawapo ni kutaja kata katika makala yaliyo wazi, na kuacha jina la kijiji katika rekodi ya kituo cha utafiti ambayo hutolewa kwa maombi. Lakini kata nazo zinatofautiana kwa ukubwa, na kwa sasa anayeamua ni ipi ndogo mno ni mhariri wa jarida, ambaye huenda hajawahi kufika Gwarama.